Mihuri Tisa kwa Lifti Moja

TANGAZO. Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Kamiura inayo heshima isiyo na kifani kuwaarifu walimu, wanafunzi, wahitimu na umma kwa jumla kwamba Bi Munakata Sadae, mtumishi wa ghala la vitabu kwa mwaka wa thelathini sasa, hatapanda ngazi tena. Lifti ya vitabu, iliyolala usingizi mzito kwa miaka sita, itaamshwa hivi karibuni. Goti la kulia la Bi Munakata, ambalo limeitumikia elimu ya juu bila kunung'unika, litapewa mapumziko linayoyastahili. Maktaba inaliombea goti hilo maisha marefu.

Tangazo hilo niliandika mimi, mwezi wa kumi, kwenye ukurasa wa nyuma wa jarida la maktaba, chini ya kichwa kilichokuwa kikinipa chakula: Habari za Wafanyakazi na Maboresho ya Majengo. Lilikuwa tangazo zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lifti yenyewe hakuna aliyekuwa ameiomba.

Nilichokisikia ni Bwana Kageyama, mkuu wa utawala wa maktaba, akisema mbele ya mashine ya fotokopi: "Ile lifti nayo, hebu tuifikirie." Nimezaliwa Kamiura, nimekulia Kamiura, nina miaka arobaini na moja. Mtoto wa chekechea wa Kamiura anajua kwamba mkubwa akisema "tutafikiria" maana yake ni hapana, na akivuta hewa kupitia meno kabla ya kusema, maana yake ni hapana na usirudie kuuliza. Bwana Kageyama alivuta hewa kwanza. Mimi nikakimbilia kompyuta.

Sina utetezi. Niliacha chuo hichohicho nikiwa mwaka wa tatu. Hupenda kuwaambia watu kwamba niliondoka kwa msimamo, kupinga elimu ya kukariri. Barua ya chuo inasema nilisahau kujiandikisha. Miaka kumi na minane baadaye chuo kikaniajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja niwaandikie wasomi habari zao. Ama chuo kina huruma, ama hakisomi barua zake chenyewe.

Mama Munakata alishuka kutoka ghalani na jarida mkononi, akaliweka juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Nagami. Hii ni lini?"

"Hivi karibuni, Mama."

"Hivi karibuni ya watu, au hivi karibuni ya ofisi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwa mwaka wa pili nilikuwa nikifanya kazi naye na nilikuwa bado sijawahi kuyaona meno yake.

Ni mwanamke mfupi, mgongo umenyooka kama ubao, nywele nyeupe amezikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na aproni ya kijani iliyofuliwa mpaka ikasahau ukijani. Mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri alipanda treni na kapu la bati mgongoni, akashuka kituo cha milimani, akawapelekea watu wa vijiji vitatu vibua na ngisi kwa miguu, theluji au jua. Sadae mwenyewe alianza kiwandani, akichokoa nyama ya kaa, mpaka kiwanda kikafungwa. Akiwa na miaka thelathini na mitano maktaba ilimwajiri kwa miezi mitatu kuhamisha vitabu kutoka ghala la zamani kwenda jipya. Akahamisha. Miezi mitatu ikaisha, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aache.

"Kazi ni ileile ya mama," aliniambia siku moja tukila matonge ya wali nyuma ya kaunta. "Ila samaki wanaoza, kwa hiyo yeye walimpokea haraka. Vitabu havina haraka na mtu."

Ghala letu ni jengo la ghorofa tano lililobandikwa nyuma ya maktaba kama mkia. Msomaji haingii. Msomaji anajaza karatasi kwenye kaunta, na Mama Munakata anapanda, anakitafuta kitabu, anakifunga mgongoni kwa kitambaa cha mraba kama mama yake alivyofunga kapu, anashuka. Kutoka kaunta mpaka ghorofa ya tano ni ngazi themanini na nane. Ghorofa ya tano ndiko yaliko magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, kila jalada uzito wa mbwa mnene. Aliyeamua yakae huko bila shaka alikuwa na adui aliyefanya kazi ghorofa ya kwanza. Zamani lifti ndogo, kabati tu linalopanda na kushuka, ilifanya nusu ya kazi. Miaka sita iliyopita ilitoa moshi kidogo, ikakohoa, ikafa. Tukabandika karatasi mlangoni: "Inafanyiwa marekebisho." Karatasi ile ilibadilishwa mara nne kwa sababu ya kuchakaa. Lifti haikuguswa.

"Daktari kasemaje?" nilimuuliza, maana nilijua ametoka kwa daktari wa mifupa.

"Kasema limeisha."

"Limeisha vipi?"

"Kama sabuni."

Nikamvuta maneno kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu. Atakuwa na miaka sitini na mitano na hautaongezwa. Mwezi wa nne, theluji ikishayeyuka, alitaka kufanya kitu kimoja: kushuka kile kituo cha milimani na kuitembea njia ya mama yake, vijiji vyote vitatu, kwa miguu, bila kapu. Daktari alikuwa amemwekea hesabu mezani. Akipanda ngazi za ghala majira yote haya ya baridi, mwezi wa nne atakuwa kitandani hospitali na goti la chuma. Asipopanda, goti lake la kuzaliwa huenda likamfikisha kijiji cha tatu.

"Mbona hukusema mapema, Mama?"

"Nimesoma kwenye jarida kwamba sitapanda tena," alisema. "Nikadhani mmeshajua."

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Bwana Kageyama kukiri.

Bwana Kageyama ni mtu mpole, mwenye kucha safi kupita kiasi. Alinisikiliza, kisha akavuta hewa kupitia meno kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopea hewa ya chumba.

"Bwana Nagami. Umelitangaza?"

"Nimelitangaza, bosi."

"Kwa maandishi?"

"Na picha."

"Ya goti?"

"Hapana, ya lifti."

Alifumba macho. "Basi itabidi tuiombe," alisema. "Tukikaa kimya sasa, watu watasema jarida letu linaandika uongo."

Hivyo ndivyo ombi la lifti lilivyozaliwa: kuokoa heshima ya jarida ambalo, kwa makadirio yangu, husomwa na watu wanne, mmoja wao akiwa mimi. Fomu ilihitaji mihuri tisa. Isipoipata yote kabla ya mwaka wa matumizi kufungwa, siku ileile ya mwisho ya Mama Munakata, ombi lingekufa na kuzaliwa upya mwakani, likiwa halina tena mtu wa kuhitaji lifti. Tulikuwa mwezi wa kumi. Miezi mitano kwa mihuri tisa. Hata mimi, niliyeshindwa hesabu mara mbili, niliona inatosha.

Sasa, muhuri kwetu si lile dude la mviringo la kugonga kwa ngumi. Ni kijiti kama kidole cha mtoto, kina jina la ukoo tu, wino mwekundu, na kila mtu mzima anacho. Kwenye fomu kuna visanduku vimepangwa mstari mmoja. Mkubwa kuliko wote yuko kushoto kabisa, na vyeo vinashuka kuelekea kulia mpaka mwisho, ambako yuko aliyeandika fomu, yaani mimi. Na kuna desturi ambayo haijaandikwa popote: muhuri wa mdogo huegemea kushoto kidogo, kuwaelekea wakubwa, kana kwamba jina lenyewe linainamisha kichwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kwetu hata muhuri wake.

Mimi nilikuwa sijawahi kugonga muhuri kwenye mstari na watu. Nilikuwa nagonga risiti za karatasi na gundi, peke yangu kwenye kisanduku kimoja kama mfalme. Isitoshe natumia mkono wa kushoto. Nikagonga kwa bashasha, nikaupuliza wino, nikapeleka.

Ikapita wiki tatu. Fomu ikarudi ikiwa na muhuri mmoja, wangu, na kikaratasi cha manjano: "Tafadhali liangalieni tena kwa ujumla."

Nikaliangalia kwa ujumla. Nikahakiki vipimo vya lifti, nikahakiki tarehe. Nikabadilisha "lifti" ikawa "chombo cha kupandishia vitabu". Nikachapa upya, nikagonga kwa bashasha ileile, nikapeleka. Wiki mbili. Ikarudi. Kikaratasi cha manjano: "Kwa ujumla bado."

Nilikwenda kuuliza. Kila niliyemuuliza alitabasamu, akasema ombi ni zuri sana, akaniuliza kama kwetu theluji imeanza. Theluji ilikuwa imeanza. Ilikuwa ikidondoka nyuma ya kichwa chake, dirishani, anaiona.

Jioni hiyo niliitupa fomu kwenye kaunta, nikamlalamikia Mama Munakata kwamba kuna mtu huko juu anamchukia. Aliivuta miwani kutoka kwenye nywele, akaisoma fomu kuanzia mwanzo, polepole, kama anavyosoma migongo ya vitabu. Alipofika chini akasimama.

"Huu kagonga nani?"

"Mimi."

"Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, Mama."

"Huyu kagombana na ofisi nzima. Tazama."

Nikatazama. Muhuri wangu, kwa kazi ya mkono wa kushoto uliokuwa na haraka, ulikuwa umeegemea kulia. Ulikuwa umewapa mgongo wakubwa wanane na unaelekea nje ya karatasi, kama mtu anayewahi basi la mwisho la kwenda kwao. Mara mbili nilikuwa nimeipandisha karatasi ile mpaka meza za juu, na mara mbili wanaume wazima wenye shahada waliitazama, wakaona tusi, wakashindwa kulitaja kwa sababu kulitaja kungekuwa utovu wa adabu.

Wiki tano. Katika wiki hizo tano Mama Munakata alikuwa amepanda ngazi kila siku ya kazi, na mara moja alikwenda kutolewa maji kwenye goti.

"Mbona hukuniambia?" nilisema.

"Hukunionyesha."

Fomu ya tatu nikaipeleka mwenyewe kwa Bwana Kageyama, nimegonga mbele ya kioo cha choo nikifanya mazoezi. Aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Bwana Nagami, huyu anaumwa?"

"Anaheshimu, bosi."

"Huyu hajainama. Huyu kazirai." Aligeuza karatasi kidogo ili ajue jina limelalia upande gani. "Idara ya fedha wataona tunawadhihaki. Kaandike nyingine."

Fomu ya nne tuliigonga kwenye kaunta, Mama Munakata amenishika kifundo cha mkono kama anayemfundisha mtoto kushika vijiti vya kulia.

"Kidogo," alisema. "Punguza. Punguza tena. Kama unamsalimia jirani usiyempenda sana. Hapo. Gonga."

Fomu hiyo ikapanda. Ilipata muhuri wa pili, wa tatu, wa nne. Nilikuwa natembea maktabani kama mtu aliyevumbua moto.

Na kwa kuwa nilikuwa na deni la wiki tano kwenye goti la mtu, nikamwambia Mama Munakata akae chini, nitapanda mimi. Aliye juu mngoje chini, nilisema, nikicheka utani wangu mwenyewe. Akaninyooshea kitambaa cha kufungia.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa jalada la gazeti la mkoa la mwaka 1931. Profesa mmoja mstaafu anaandika historia ya bei za mapeazi, matunda yanayolimwa kwetu, na kwa bahati mbaya mapeazi yaliuzwa kila mwaka. Kupanda nilipanda. Kushuka, magoti yangu, ambayo sikuwahi kuyasikia maishani, yalianza kuzungumza na mimi moja moja. Nikaketi sakafuni. Chini kwenye kaunta Mama Munakata alifungua kijimlango cha lifti iliyokufa, na sauti yake ikapanda ndani ya shimo lake kama inatoka kaburini.

"Nagami. Uko wapi?"

"Ya tatu!"

"Unafanya nini?"

"Nasoma!"

"Unasoma nini?"

"Namba ya ghorofa!"

"Ikiisha hiyo, endelea na ya pili."

Ndivyo tulivyofanya kazi majira yale ya baridi. Yeye alikaa chini, mguu juu ya kigoda, akiongea ndani ya shimo. Mimi huko juu nilikuwa mikono yake. Hakuhitaji katalogi. "Safu ya saba, rafu ya chini, si hilo la bluu, nyuma ya hilo la bluu. Vuta polepole, gundi yake imekauka." Nilikuwa nauliza anajuaje nimeshika la bluu. "Kila mtu hushika la bluu," alisema. Lifti ile, ambayo miaka sita haikubeba hata kijitabu, ikawa inabeba sauti ya bibi mmoja mzee kwa uaminifu mkubwa, na kama nisingekuwa na tangazo shingoni ningependekeza tuiache hivyohivyo.

Wanafunzi walinizoea. Walikuwa wakisikia vishindo na kuhema kwenye ngazi, wakaambiana kwamba ghala lina jini. Mmoja wao alikuja kaunta akauliza kwa adabu kama jini linaweza kuharakisha, ana basi.

Kisha, mwezi wa pili tarehe moja, tukapata maboresho.

Chuo kilikuwa kimeamua kuachana na karatasi. Kuanzia siku hiyo kila muhuri ungegongwa ndani ya kompyuta, na fomu zote zilizokuwa hazijafika mwisho zianze upya kwenye mfumo mpya. Fomu yetu ilikuwa na mihuri sita. Mihuri sita, mmojawapo wangu, ulioinama kwa kipimo cha jirani asiyependwa sana. Ikaenda kwenye sanduku la karatasi chakavu. Mimi mwenyewe niliandika habari yake kwenye jarida, kwa furaha, nikaita "hatua ya kihistoria".

Fundi wa kompyuta alikuja kutufundisha. Kijana mchangamfu, tai yenye picha za bata. Akatuonyesha jinsi ya kuweka jina, jinsi ya kubofya, muhuri mwekundu unatokea, umenyooka kama askari. Bwana Kageyama akakohoa.

"Na ... huu ... unaweza kugeuka?"

"Aa, mnaulizia kuinama!" alisema fundi. "Upo. Wateja wote waliuomba." Akabofya, ikatokea mizani ndogo, kuanzia nyuzi sifuri mpaka thelathini. Akaisogeza kwa kidole, na jina la Kageyama likainama taratibu mbele yetu sote, likarudi, likainama. Kuna mama wa idara ya katalogi aliyeguna kwa furaha.

"Sasa," alisema Bwana Kageyama, "nyuzi ngapi ndiyo kawaida?"

Fundi akasema yeye hajui, kwao wanaacha watu waamue. Hakuna neno la hatari zaidi ungeweza kulisema katika chumba kile. Zamani mkono ulikuwa unajua wenyewe. Sasa kila mtu alitakiwa aseme kwa namba anamheshimu bosi wake kiasi gani. Tukakaa mkutano. Naibu ainame nyuzi tano au nane? Mwenye mkataba wa kudumu na mwenye mkataba wa mwaka watofautiane kwa nyuzi mbili au tatu? Mimi, ambaye nilikuwa mjinga aliyewahi kuwapa mgongo watu wanane, nilizungumza kuliko wote. Nilipendekeza nyuzi kumi na tano kwa ajili yangu, nikasifiwa kwa unyenyekevu. Mkutano ulichukua asubuhi nzima, na nilitoka humo nimeteuliwa kuandika mwongozo.

Niliporudi kaunta, Mama Munakata alikuwa ameketi na mguu juu ya kigoda, suruali ameikunja. Goti lilikuwa limevimba kama peazi la msimu.

"Umepanda?"

"Profesa wa mapeazi alikuja."

"Ungemwambia asubiri!"

"Alisubiri. Mara mbili. Mkutano wenu haukwisha." Akashusha suruali. "Mmeafikiana?"

"Mimi nyuzi kumi na tano," nilisema.

"Hongera," alisema.

Sikuwahi kujiona mdogo vile, na mimi ni mtu niliyewahi kusahau kujiandikisha chuoni. Nikaanza upya siku hiyohiyo, ndani ya kompyuta. Mihuri ikaja haraka zaidi, kwa kweli, maana wakubwa walifurahia kusogeza ile mizani. Lakini ombi likafika idara ya fedha likakwama, likarudi na swali lililochapwa vizuri: kwa nini lifti, ikiwa vitabu vinashuka hata sasa?

Ilikuwa mwezi wa tatu tarehe kumi na moja. Bwana Kageyama aliniita. Alikuwa ameshavuta hewa kabla sijaingia.

"Tukiandika habari za goti hawatasikia," alisema. "Goti ni la mtu. Tuandike la ofisi. Andika: 'Lifti itapunguza mahitaji ya watumishi wa ghala.'"

Nikaandika. Nakumbuka niliisoma sentensi hiyo mara mbili nikaipenda, jinsi ilivyokuwa fupi, ilivyokuwa na uzito. Mihuri mitatu iliyobaki ilikuja ndani ya siku mbili, wa mwisho ukiwa umenyooka wima, wa mtu asiye na wa kumwinamia. Nilitoka mbio, nikamwita Mama Munakata kupitia shimo la lifti ingawa alikuwa mbele yangu.

"Imepita!"

"Itaanza lini?"

"Kabla ya tarehe thelathini na moja. Lazima, maana mwaka unafungwa!"

Akatazama kalenda ya duka la tofu ukutani. "Siku ngapi kabla?"

Mafundi walikuja na mitungi yao, nyaya zao, na thermosi ya chai. Mimi niliendelea kupanda ngazi, sasa tena bila sauti ya kuniongoza, maana shimo lilikuwa limejaa mafundi. Kila kitabu nilishika la bluu kwanza. Goti la Mama Munakata likashuka uvimbe. Daktari alilibonyeza, akasema tutaona, na Mama Munakata akanieleza kwamba kwa daktari "tutaona" si kama "tutafikiria" kwetu. Ni bora kidogo.

Toleo la mwezi wa tatu la jarida nililichapa kwa fahari. Juu ya ukurasa wa nyuma, maboresho ya majengo: lifti mpya. Chini, habari za wafanyakazi: Bi Munakata Sadae anastaafu; nafasi yake haitajazwa, kwa kuwa ghala sasa litajiendesha lenyewe; na Bwana Nagami anahamishiwa jengo la utawala kuanzia tarehe moja kusimamia mwongozo wa nyuzi. Nilihakiki tahajia ya ukurasa ule mara tatu. Habari ya juu na habari za chini zilikuwa zimetenganishwa na mchoro wa ua la cheri, mzuri sana, na mimi sikuona kitu.

Lifti ilikamilika tarehe thelathini na moja saa sita mchana. Sherehe ilikuwa saa tisa. Tulifunga utepe mwekundu na mweupe kwenye kijimlango chenye upana wa dirisha la choo. Kulikuwa na mikasi ya dhahabu juu ya sinia, glovu nyeupe, na maua ya karatasi vifuani. Wafanyakazi wote wa maktaba tuliitwa kaunta, wote kumi na watatu, tumejipanga kwa vyeo. Abiria wa kwanza alichaguliwa na kamati: jalada kubwa la historia ya chuo chetu. Mahali pake ni ghorofa ya tano. Asubuhi hiyo nililishusha mwenyewe mgongoni, ngazi themanini na nane, ili mchana lipate heshima ya kupandishwa.

Profesa Ishitobi, mkurugenzi wa maktaba, alihutubia. Alizungumzia moto wa elimu, maji ya elimu, na mti wa elimu, na sijui kipi kati ya hivyo kilikuwa lifti. Alikata utepe. Akamwita Mama Munakata mbele, aproni yake ya kijani imepigwa pasi, akamwomba abonyeze kitufe.

Mama Munakata aliliweka jalada ndani, mgongo wa kitabu ukitazama kushoto, akafunga kijimlango, akabonyeza. Lifti ikanguruma kwa upole. Taa ikawaka mbili. Tatu. Nne. Tukashika pumzi, na mimi nakiri macho yalinilowa. Tano. Ikalia ti, sauti tamu, huko juu kabisa.

Tukapiga makofi. Bwana Kageyama alipiga kwa vidole vitatu, ishara ya hisia kali. Profesa Ishitobi aliinua mkono, tukatulia.

"Mama Munakata," alisema, sauti imetetemeka kidogo, "miaka thelathini umezipanda ngazi hizi kwa ajili yetu. Leo, saa hii, ngazi zimeshindwa. Tuambie, mama yetu: moyo wako unasema nini?"

Mama Munakata alitazama taa iliyowaka tano. Kisha akatugeukia, akatupitia kwa macho mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka akafika kwangu mwisho wa mstari.

"Huko juu," alisema, "hakuna mtu wa kukitoa kitabu."